Neno la Herufi Nne

Aliyempachika jina la Kamusi hakukosea. Kazi yake ilikuwa kusahihisha makosa katika kiwanda cha uchapishaji, na saa ya chai, wenzake wakipiga soga, yeye huinamia chemshabongo za Kiingereza: neno la herufi tano lenye R na T, neno la herufi saba linaloishia na Y. Walimtania kwamba atazikwa na penseli mkononi. Siku hiyo penseli ilikuwa bado sikioni alipofika mbio kwa dada yake, saa tisa na robo alasiri, baada ya jirani kumpigia simu.

Jirani mwenyewe, Mama Mapacha, alimpokea uani.

"Yuko stoo tangu jana," alisema. "Leo asubuhi nimesikia kidole kikivunjika, mwanangu. Nimekisikia nikiwa jikoni kwangu."

Shemeji yake Kamusi alikuwa fundi wa mageti. Mlango wa stoo aliuchomelea mwenyewe, chuma kitupu, akaupitishia mnyororo, na kwenye mnyororo akatia kufuli la herufi: pete nne za kuzungusha, kila pete na herufi zake, bila tundu la ufunguo. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo msumeno wa kukatia chuma usingesaidia kitu, na hata ungewaka, mtaa mzima usingetoa mwanamume wa kuushika. Aliyejaribu kuamua ugomvi mwezi uliopita alirudi kwake anatema meno. Polisi walipoambiwa walisema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Wanaosema hivyo huwa wanalala usingizi mzuri tu, usiwaonee huruma.

Kamusi alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango.

"Dada."

"Nenda zako, mdogo wangu. Atarudi saa kumi."

"Nitajie neno la kufuli."

"Ningelijua ningekuwa humu?"

Huo ndio uliokuwa mchezo wa yule bwana. Mkewe hakusoma Kiingereza, na yeye, aliyekiokota kazini neno moja moja, alikuwa amekigeuza fimbo ya kumchapia. Alimpa herufi tatu, I, N na E, akamwambia atafute neno la herufi nne lenye hizo zote. Akilipata, anafunguliwa. Akikosea, kipigo. Na asubuhi hiyo, akienda kazini, alimwambia kwamba jioni akikosea tena, ni jicho.

"Umeshataja yapi?" Kamusi aliuliza.

 Dada akaanza, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari.

"Kidole ni LINE. Si tunasema laini ya simu, nikadhani ndiyo. Bega ni WINE, niliwahi kuliona kwenye chupa. Sikio ni NINE. Mbavu ni FINE. PINE nilisoma kwenye dawa ya kusafishia choo. Hilo..." Alivuta pumzi. "Hilo tuliache."

Kamusi alichomoa penseli, akayaandika ukutani, akayakata moja moja. Miaka yote alikuwa anafurahia kukata maneno. Sasa kila aliloliwekea mstari lilikuwa na mfupa chini yake, na hasira ilimpanda hadi akaona giza. Akajilazimisha kufikiri. Yalibaki machache. Akazungusha VINE, akavuta. Kufuli kimya. Akazungusha DINE. Kimya. Akajaribu VEIN, akajaribu REIN, vidole vinateleza kwa jasho, na saa ya mkononi inamwambia imebaki nusu saa.

Hapo akaacha kutafuta maneno akaanza kumtafuta mwanamume. Mtu kama yule, akisimama mbele ya mlango ule na mke wake akiwa nyuma yake, angependa kuzungusha neno gani?  Kamusi akaleta M kwenye pete ya kwanza. MINE. Yangu.

Kufuli likafunguka.

Alivuta mlango, akamwona dada yake kwenye pembe, uso umevimba kiasi kwamba alimtambua kwa gauni. Dada hakutoka. Alijikokota hadi mlangoni, akaushika kwa mkono wake mzima, akaanza kuuvuta ajifungie.

"Funga," alisema. "Rudisha kufuli. Akikuta umefungua wewe, atakuua."

Kamusi hakuwa amelia mpaka dakika hiyo. Akaushika mlango upande wa nje, wakavutana, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja analia na mwingine anambembeleza aondoke.

Bila umeme fundi wa mageti hana kazi. Kwa hiyo shemeji alifunga karakana mapema, na hakuna aliyemsikia akiingia uani. Alimkamata Kamusi kisogoni, akaupiga uso wake kwenye chuma. Hakufoka.

"Nani kakwambia hilo neno?"

Akampiga tena. Jino likaruka. Mama Mapacha aliingia kwake akafunga mlango, na mimi simlaumu. Shemeji akavuta kile kichwa nyuma kwa mara ya tatu, na ndipo dada, aliyekuwa bado ameushikilia mlango, akauachia.

Alitoka na kipande cha nondo. Stoo ya fundi haikosi nondo. Pigo la kwanza lilimpata mumewe kwenye goti, na mlio wake Mama Mapacha aliusikia tena jikoni. La pili lilivunja mkono aliouinua kujikinga. Akaanguka chali, macho yamemtoka, suruali imelowa.

Alikuwa mtu wa kukimbilia Kiingereza kila anapotaka kujipa ukubwa au anapoogopa. Mbele ya polisi hukimwaga kama maji. Sasa, huku ameukumbatia mkono uliovunjika, aliomba huruma kwa neno moja:

"Mercy."

Akalirudia mara mbili, kwa sauti ndogo. Dada alisimama juu yake, nondo hewani, pumzi zinakwaruza mbavuni. Akamgeukia mdogo wake.

"Anasema nini?"

Kamusi alitema damu. Akamtazama shemeji yake, kisha akaangalia kidole cha dada, kilichoelekea upande tofauti na vidole vingine.

"Neno hilo silijui, dada."

Nondo ikashuka.