Shikamoo ya Zeina

Mimi sina subira na watu wanaowapigia wagonjwa kelele. Ndivyo nilivyoumbwa, na hapa hospitali wote wanajua. Siku ya kwanza nilipopangwa wodi ya wagonjwa wa akili nilimkuta mhudumu mmoja, Owen, amemsimamia mzee wa mvi tupu akimfokea, "Abdu! Fungua mdomo! Dawa!" Nikampokonya kikombe.

"Huyu ni rika la babu yako," nikamwambia. "Nikisikia umemwita Abdu tena, tutajuana mimi na wewe."

Kisha nikainama mbele ya yule mzee. "Shikamoo, baba."

Akageuka nyuma. Alidhani kuna mtu mwingine ninayemwamkia. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Akanitazama tena, midomo ikimcheza. Siku hiyo hakunijibu, lakini dawa alimeza mwenyewe.

Kusema kweli neno lile si la kwetu. Mimi ni Nyaboke, Mkisii, na kwetu shikamoo tuliisoma shuleni tukaiacha hukohuko. Lakini Malindi nimekaa, nimejua kwamba hapa ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, umemvunjia heshima. Na huyu Mzee Abdurahman, fundi wa kanzu aliyewavisha watu Idi baada ya Idi, tangu augue alikuwa akipitwa na kila mtu. Nani atamwamkia mwendawazimu?

Basi nikawa namwamkia kila asubuhi kabla ya dawa. Naamkia, nasubiri, hajibu, naenda zangu. Hadi asubuhi moja akasema, "Marahaba." Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa kimya. Nusura nimwage uji.

Tangu hapo ulimi ukamfunguka, na cha kwanza alichofanya ni kunisahihisha. "Hiyo shikamoo yako waibwaga kama gunia la viazi," akaniambia. "Iteremshe taratibu, mwanangu."

"Ala! Mgonjwa ni wewe au ni mimi?"

"Kwa Kiswahili, ni wewe."

Tukacheka hadi Owen akaja kuchungulia. Nilimpenda yule mzee, sioni haya kusema.

Pole pole akanisimulia. Mkewe alifariki, akabaki na binti mmoja, Zeina, katika nyumba yao ya mtaa wa Barani. Zikaanza sauti. Siku moja alikuwa akikata kitambaa, Zeina akamletea chai, na sauti zikamwambia ile chai ina sumu. Mkasi alikuwa nao mkononi.

"Nguo zake zote tangu utotoni nimemshonea mimi," akaniambia. "Halafu kwa mkono uo huo, sista. Mkono uo huo!" Akalia, nami nikakaa naye, nikamwacha alie.

Daktari akasema mzee amepata nafuu, anaweza kutoka, bora awe anakuja kudungwa sindano yake kila mwezi. Lakini lazima mtu wa nyumbani aje kumchukua, na hakuna aliyekuja. Wiki zikapita. Wenzake waliitwa wakaondoka na mabegi yao, yeye akibaki kutazama geti.

"Nichukue wewe," akaniambia siku moja.

Chuoni walitufundisha kwamba mgonjwa lazima apate mtu wa kumwamini, na kwamba uhusiano huo una mwisho, na umweleze mapema. Kusoma ni rahisi jamani. "Baba, mimi ni nesi wako," nikamjibu. "Siwezi kuwa mwanao."

"Lakini wewe waniamkia."

Nikafungua faili lake, nikatafuta namba. Nilikwenda kumpigia simu Zeina.

Nikamweleza kwamba baba yake amepata nafuu. Mwishowe akasema, "Nitakuja kumwona. Sijasema nitamchukua." Nilimweleza mzee maneno yote, mpaka hayo ya mwisho, lakini nadhani alisikia moja tu, kwamba Zeina anakuja.

Weee! Wodi haikulala kwa furaha ya mzee. Akafua kanzu, akaipiga pasi kwa viganja, kofia akaiweka sawa mara mia. Akataka tufanye mazoezi. "Hebu toka, uingie kama Zeina." Nikatoka, nikaingia. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Akatikisa kichwa. "Yeye ataisema vizuri kukushinda." Kisha akanishika mkono, utani umemwisha. "Sista, sitamwomba anirudishe nyumbani. Akiniamkia tu, nitajua amenisamehe. Hata nikifia hapa, sina neno."

Zeina akaja. Msichana mwembamba, buibui jeusi, mkono mmoja ameuficha ndani ya mkunjo wa nguo. Alisimama mlangoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mimi nimesimama kando yake.

"Shikamoo," Zeina akasema.

"Marahaba!" Mzee alidakia hata sijafungua mdomo. Akainuka, mikono ameitanua, machozi yanamtiririka. "Marahaba, mwanangu! Marahaba, Zeina wangu! Hujambo?"

Zeina akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuwa namwamkia sista," akasema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kushika. Mikono ya mzee ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha, akakaa.

Nilimvuta yule binti mpaka uani, hasira zimenipanda kichwani. "Neno moja tu, Zeina! Lingekupunguzia nini?"

Akapandisha mkono wa buibui. Kovu lilitoka kiwikoni hadi kwenye kiganja, na vidole viwili vilikuwa havikunjiki.

"Kifungo siwezi kufunga, sista. Nywele zangu nasukwa na jirani. Siku ile nilipiga kelele, 'Baba, ni mimi, ni Zeina,' naye haachi. Najua alikuwa mgonjwa. Kila mtu aniambia alikuwa mgonjwa, na ni kweli. Lakini nikitaka kumwamkia neno halitoki. Si kiburi, wallahi. Kule mlangoni nilijaribu. Nikaona macho yake, neno likageuka likaja kwako."

Hasira zangu ziliniishia palepale. Tulisimama wawili kwenye kamba ya mashuka tukilia, mimi na sare yangu ya kazi. Akanipa kifurushi cha halua na sabuni. "Mwambie…" akaanza. Halafu akafuta macho kwa ule mkono mzima. "Basi, usimwambie kitu." Akaenda zake.

Asubuhi nilimkuta mzee yuko kitini, bado amevaa kanzu ya jana. Halua iko kitandani, haijafunguliwa. Nikainama mbele yake na kikombe cha dawa.

"Shikamoo, baba."

Akageuka nyuma, akatazama ukuta, akitafuta ni nani anayeamkiwa.

Nikarudia, taratibu, vile alivyonifundisha. Akageuka tena.