Kabati la Mzee Kiyoto

Kwa desturi ya Kijapani, kabati la marehemu, lile la kuwekea picha na sadaka za wafu wa nyumba, humwendea mke wa mtoto wa kwanza wa kiume. Mke huyo ni mimi, Jucélia, mtu wa Bahia, mweusi tii, mpika maharage kwa mafuta ya mawese. Lakini mama mkwe wangu, Bi Hatsue, alipokuwa akijiandaa kuhamia nyumba yenye nafasi ndogo, alitangaza mezani kwamba kabati atalichukua binti yake Emi, kwa kuwa wafu wao hawajazoea mgeni. Ndoa ina watoto watatu, na mimi bado mgeni.

Iliniuma, na wala si kwa ajili ya mbao. Ndani ya kabati lile kuna picha ya baba mkwe, Mzee Kiyoto, ambaye kila Jumamosi alikuwa akitoroka kuja kwangu kunywa kahawa ya sukari nyingi, ile aliyokatazwa nyumbani. Picha hiyo huwekewa wali wa kwanza wa sufuria kila asubuhi. Nilitaka mkono wa kuuweka uwe wangu.

Jumapili ya kumkumbuka mzee tulikwenda, kama kila mwaka, kwenye jumba la Kijapani katika bustani kubwa ya São Paulo. Tukawalisha samaki wa bwawani, watoto wakagombania chakula cha samaki, kisha sisi wakubwa tukaingia kwenye chai ya heshima, inayonywewa mkekani. Nilikuwa nimeshavua viatu Bi Hatsue aliponionyesha viti vya ukutani, vya watalii na wenye magoti mabovu.

"Wewe kaa pale, mwanangu. Mkekani utaumia bure."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Nikapanda mkekani, nikakalia visigino mbele yake, goti kwa goti.

"Mama, tuwekeane dau," nikasema. "Nikikaa hivi mpaka wewe uinuke kwanza, kabati langu."

Mume wangu Toshio akakohoa. Emi akainamisha uso, akificha kicheko. Bi Hatsue alinitazama kama anayepima samaki sokoni, kisha akanyoosha mgongo.

"Haya. Ila mimi nilianza kukaa hivi kabla mama yako hajaolewa."

Mwenye kuandaa chai, mama mmoja mwenye kimono cha kijivu, alipekecha chai ile ya kijani taratibu, kana kwamba mwaka mzima ni wake. Toshio alinyoosha miguu hata vitafunio havijafika. Aibu ya mume, lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Emi alijitahidi, akaegemea huku na huku, mwisho akatambaa hadi kitini akisema yeye ana paka, na paka na wali wa marehemu wapi na wapi.

Tukabaki wawili. Vidole vilikufa kwanza, halafu nyayo, halafu siafu wa ganzi wakaanza kupanda mapajani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimeinama hadi mifupani. Nikanywa chai yangu, chungu kama dawa, nikarudisha bakuli kwa mikono miwili nikitabasamu. Bi Hatsue akaomba bakuli la pili. Mchawi yule! Nami nikaomba la pili.

Chai ikaisha. Mwenye kimono akatuinamia kuaga, akakusanya vyombo, akatuinamia tena. Kundi lingine lilikuwa linasubiri mlangoni na hakuna aliyethubutu kutuinua. Jasho lilinitoka puani. Nikaona mdomo wa mama mkwe unatetemeka.

"Unaisikia miguu?" akaninong'oneza.

"Sina miguu, mama."

"Hata mimi." Akamtupia jicho bintiye kitini. "Emi ameshindwa kuisubiri hata chai. Na wali huchukua muda kuiva."

Akaweka mkono begani kwangu, akauegemea kwa uzito wake wote, akajivuta juu, goti moja, kisha la pili. Toshio alikimbilia kumshika, mama yake akamfukuza. Alisimama akiyumba, mkono bado begani kwangu, akawageukia wanawe, watalii na kundi la mlangoni.

"Mmeona wote," akasema. "Nimetangulia mimi."

Nilitaka kupiga vigelegele humo humo ndani ya jumba lile la watu wanaonong'ona. Bi Hatsue akaniinamia sikioni.

"Kesho uje mapema, Jucélia, nikuonyeshe. Wali kwanza. Kisha kahawa yake, na sukari usipunguze. Ulidhani sikujua Jumamosi alikuwa anakwenda wapi?"

Nikabaki nimekaa palepale, nacheka na kulia mbele ya kundi zima, kwa maana miguu yangu ilikuwa bado haijarudi.