Kilio cha Godeberthe

Godeberthe alilia mara moja tu mbele ya kinasa sauti, mjini Mbarara, Uganda, na tangu hapo watu hawakumwacha apumzike.

Hamim, mtengenezaji wa filamu, aliwaita wanakwaya wa makazi ya wakimbizi ya Rubondo wamwimbie wimbo wa maziko. Walipomaliza, akamvuta Godeberthe kando. "Mama, wewe lia tu. Lia kama mtu amekufa." Na mtu alikuwa amekufa kweli: Uwizeye, kifungua mimba wake, aliyezikwa kando ya njia walipokuwa wakikimbia Burundi. Godeberthe akalia hadi fundi mitambo akavua hedifoni.

Kilio hicho Hamim akakifanya chumvi, akakitia kila chungu. Mama akifiwa kwenye filamu, ni Godeberthe. Bibi harusi akiachwa, ni Godeberthe. Hata mlevi akiibiwa kuku ni yeye yule, na watu wa kibanda cha video wanavunjika mbavu. Kibanda chenyewe kilipakana na nyumba yake, ukuta wa turubai. Watoto wakimwona bombani walimwigiza. Alicheka nao, lakini ilimuuma, tena sana.

Alasiri moja mumewe Astère, mgonjwa wa pumu, alianguka mlangoni, pumzi zimemkaba. Peke yake asingeweza kumbeba hadi kituo cha afya. Akafanya alivyolelewa: akapiga yowe. Kwao yowe likisikika, mwenye jembe hulitupa, mwenye chungu hukiacha kiungue, wote hukimbilia linakotoka. Akapiga tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka. Kwa jirani walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, mchi haukusita. Nyuma ya ua mtu alicheka.

Jua linazama, jirani yake Ancilla alikuja kurudisha beseni, akamkuta amempakata Astère, mwili umeshapoa.

"Tulikusikia, Mama Uwizeye," Ancilla alisema. "Tulizani ni video."

Godeberthe alilichukia koo lake kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, hata wale waliowafukuza kwao.

Ancilla akajishika kichwa, akapiga yowe la kwake. Haukupita muda uwanja ukajaa watu, wakihema kwa mbio, udongo wa shamba bado mikononi.