Barua Ishirini za Kupigwa na Butwaa

Jumanne tarehe kumi na nne Novemba, saa moja asubuhi, mabomba ya kupasha joto nyumba zote za ngazi ya tatu ya jengo la ghorofa yalipoa kama maiti. Zakhar Lukich aliweka kiganja juu ya bomba la jikoni akakiacha hapo, kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Nje ilikuwa digrii kumi na nane chini ya sifuri.

Jioni mpwa wake alipiga simu kutoka mji wa Perm.

"Mjomba, joto lisiporudi kabla ya mwaka mpya, nakuja kukuchukua. Sitaki ubishi."

Zakhar alikata simu. Nyumba ile aliingia na mkewe Rimma, na angetoka humo kwa kubebwa tu. Wakubwa walishaifunga hospitali ya mji, Rimma akafia barabarani akipelekwa ya mbali. Sasa walitaka kumnyang'anya na kuta alizozipaka rangi Rimma?

Akaiandikia kampuni inayosimamia jengo. Shule aliiacha mapema, basi aliandika kama anavyosema: "Nilipogusa bomba, *obaldel*." Ndilo neno la Mrusi yeyote jambo likimpiga kichwani hadi akili zikahama.

Jibu lilikuja na sahihi ya mkuu wa kampuni, Eduard Vitalyevich: barua yenye matusi haijibiwi, neno hilo libadilishwe.

Zakhar aliteremka nalo kwa Taisia Germanovna, mwalimu mstaafu wa orofa ya chini, aliyekuwa akijaza fumbo la maneno huku amevaa glavu.

"Matusi?" Taisia akavuta kamusi. "Neno la mtaani, ndiyo, lakini si tusi. Maana yake kushangaa kupita kiasi. Na ndugu zake hawa: kuduwaa, kushikwa na bumbuwazi, kupigwa na butwaa, kukauka kama nguzo, kuwa bubu… wako wengi. Chagua moja, Zakhar Lukich, yaishe."

Zakhar akacheka; tangu mazishi ya Rimma hakuwa amecheka.

"Amesema nibadilishe. Hakusema mara ngapi. Barua safi si lazima ijibiwe?"

"Ndani ya siku thelathini. Ndiyo sheria. Kila barua na namba yake."

Ngazi ilikuwa na nyumba ishirini. Wakakusanyika kwa Taisia wakiwa na makoti, wakanywa chai kwa jemu, wakagawana maneno.

"Mimi nipeni kuduwaa," alisema Farid, dereva wa tingatinga la theluji. "Mke wangu anasema nimeduwaa tangu harusi."

"Mwongo," mkewe akadakia. "Nilikukuta hivyo hivyo."

Bibi Agafya wa orofa ya juu alipopewa kuwa bubu, akakataa katakata. "Mimi, bubu? Nani ataamini? Nipeni la kupiga kelele!"

Asubuhi walijipanga mbele ya dirisha la kampuni, Zakhar mbele. Karani aligonga muhuri hadi mkono ukamuuma. Kwenye barua ya tisa, Eduard Vitalyevich alitoka ofisini.

"Zakhar Lukich, mchezo gani huu?"

"Umeagiza neno libadilishwe, bwana mkubwa. Tumebadilisha."

"Lakini zote zinasema jambo moja!"

"Thubutu! Mimi nimepigwa na butwaa. Huyu amekauka kama nguzo. Bibi huyu ndo kabisa, anakaribia kuzimia kwa kupiga kelele. Kila mtu na ugonjwa wake, na kila mtu na jibu lake."

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko. Mkuu akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Mwandikeni na yeye," Farid alisema. "Lile la bubu lilibaki."

Siku ya tatu fundi bomba alikuja na ufunguo wa chumba cha mabomba cha chini ya jengo, ambao kampuni haijawahi kumpa mkazi yeyote. Kabla ya saa sita mabomba yalianza kunguruma. Milango ikafunguliwa orofa zote. Watu wakakumbatia vyuma, wakapigiana kelele ngazini kama timu yao imechukua kombe. Taisia alivua glavu. Zakhar alipiga simu Perm.

"Usije. Au njoo, lakini ulete kaptula."

Fundi akapanda akifuta mikono.

"Mzee, hakuna kilichoharibika kule. Koki ilifungwa tu, kwa mkono. Nimezungusha mara tatu, basi."

Siku hiyo hiyo Zakhar alipeleka barua ya ishirini na moja, yenye mstari mmoja, ikapewa namba. Siku thelathini zimepita, na thelathini nyingine juu yake, na mstari ule bado haujajibiwa: "Nani aliifunga koki ile, na kwa amri ya nani?"