Pindo la Sakafu

Krrr-chap!

"Shemeji, hicho ni kidole changu!"

"Pole. Nilidhani umemaliza."

Alikuwa ameachia ncha ya tepu, nayo ikarudi mbio kunichapa. Tulikuwa tukipima chumba cha dada yangu cha kushonea. Dada ni fundi wa nguo, mimi fundi wa sakafu, na mumewe ni fundi wa maneno tu. Saruji ya chumba hicho ilijaa nyufa, na kila ufa ulikuwa umemeza pini. Zamani tulilichekea jambo hilo. Sasa mtoto wao alikuwa ameanza kukaa peke yake, akiinamia mbele, viganja chini. Karibuni angetambaa, na chochote ambacho angeokota kingeishia mdomoni. Dada alitaka mbao ngumu, zilizobanana, kabla ya siku hiyo.

"Nne kwa tatu," nikatangaza. "Mita kumi na mbili za mraba. Ongeza sehemu ya kumi kwa vipande vitakavyopotea katika kukata, inakuja kumi na tatu na kidogo. Nampigia mwenye mbao sasa hivi, maana zilizobaki ni za gogo moja, rangi moja, na kuna mteja mwingine anazimezea mate."

Dada hakuinua macho kutoka kwenye gauni alilolishika. "Upana umepima wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Basi umepima kiuno. Nyonga je?"

Shemeji alicheka mpaka mtoto naye akacheka.

"Dada, chumba si mteja wako!"

"Nawe pima, mdogo wangu. Tepu haiumi." Akakitazama kidole changu. "Sana."

Nikayasogeza majora ya vitambaa yaliyoegemea ukuta wa mwisho, moja baada ya jingine, nipate kumwumbua. Tepu ikaniumbua mimi: mita tatu na sentimita arobaini. Ukuta mmoja ulikwenda upande kama mlevi anayejikaza mbele ya mkwewe. Nikakokotoa upya, pamoja na ziada ikawa kumi na nne. Nikapiga simu.

"Nina kumi na tatu na nusu," mwenye mbao akasema. "Gogo limeisha, kijana."

Nikawapa habari hiyo. Dada akamtazama mwanawe. "Labda tuchanganye na rangi nyingine pale pembeni," akasema taratibu.

"Kiraka? Kazi yangu haivai kiraka!"

Nilikuwa bado nafoka macho yangu yalipoangukia gauni mikononi mwake.

"Hilo limekuwa fupi kwa mteja?"

"Amerefuka. Naliongezea pindo la kitambaa kingine."

"Basi chumba nacho kina pindo lake! Karakanani nina mbao nyeusi za kazi iliyopita. Nazizungusha kando ya kuta zote, upana wa kiganja, na za gogo zinajaa katikati na nyingine zinabaki."

"Na ule mwanya unaouacha ukutani kila mara?"

"Mbao hutanuka, lazima zipumue, dada. Lakini nafunika kwa ubao wa ukingo. Hata uzi hauingii."

Dada akatabasamu, akarudi kwenye gauni lake. "Ongea na mwenye haraka."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto. Alikuwa amenyanyua goti moja, akifikiria.

"Mpwa wangu, nivumilie kidogo, usianze safari. Mjomba wako nakuahidi: pini ikianguka humu, italala juu inang'aa, na mama yako ataiona kabla yako."