Paa la Gari na Faini ya Jogoo

Niambieni, wenzangu: mtu akikuchukulia paa la gari bila kukuuliza, nani anapaswa kulipa faini? Msiharakishe kujibu. Aliyelipa ni mimi.

Gari lenyewe ni lile jekundu la paa la kufunua, ambalo Nachingwea nzima hakuna jingine. Nililinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, mita ikisoma kilomita laki moja na tisini elfu. Leo inakaribia laki nne, na kila kilomita nimeitolea jasho. Rejeta nimeichomelea mwenyewe mpaka haina tena pa kuchomelea, maana kazi yangu ni kuchomelea mageti. Shokapu za nyuma ni za gari jingine kabisa. Watu wananicheka barabarani, "Filbert, paa limepeperuka?" Hao hao wakiwa na mwali wa kutoa unyagoni, alfajiri wako mlangoni kwangu wananiita kaka. Mambo hayo yananikera sana.

Mwaka huu nilishonesha turubai jipya la paa kwa ajili ya binti yangu, Albina. Alikuwa anaolewa Desemba, kanisani Ruangwa, na alitaka kuvaa gauni ambalo marehemu mama yake, Goreti, alilivaa siku ya harusi yetu. Alinitaka jambo moja tu. "Baba, nitoke nyumbani paa likiwa wazi, watu wanione. Ila mvua ikija, unifunike. Gauni la mama lisilowe." Nikamwapia kwamba halitalowa.

Sasa sikilizeni habari za Kaimu. Kaimu ni mtoto wa Shangazi Mwamina, dada wa baba yangu aliyeolewa Nanganga. Kwa hiyo ni binamu yangu na mtani wangu, na kwetu mtani akichukua kitu chako, wewe unacheka. Ukikasirika, unatoa jogoo. Sheria hiyo ameitumia tangu utotoni kunila kama mchwa: baiskeli, redio, suruali ya Krismasi. Na mimi nacheka tu.

Jumatatu ya wiki ya harusi alinikuta kazini, akachukua ufunguo wa gari mezani. "Mtani, nafika Naipingo tu kuona mgonjwa." Gari likarudi Alhamisi jioni. Nikatazama mita: imeongeza kilomita mbili tu! Hata Naipingo haifikiki kwa kilomita mbili. Nikainama chini ya dashibodi, nikakuta kebo ya mita imechomolewa. Gari limekaa kitako nyuma kama mbwa, na chini ya kiti kulikuwa na korosho ghafi tatu.

"Mgonjwa alikuwa gunia?" nikamuuliza.

"Alikuwa mnene, mtani," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Paa lilikuwa limekunjwa nyuma ya viti, limefunikwa kifuniko chake na kufungwa mikanda vizuri. Angalau hilo hajaligusa, nikajiambia.

Jumamosi tukatoka. Albina alisimama ndani ya gari akipunga mkono, na wale wanaonichekaga walikuwa kando ya barabara wakipiga vigelegele. Nilijisikia mtu. Nyuma yetu likaja gari la wageni, Shangazi Mwamina na Kaimu wakiwa ndani.

Hatujafika nusu ya njia, mvua ikashuka. Nikasimamisha gari, nikafungua mikanda, nikavuta paa. Yakatoka magunia. Magunia matupu ya korosho, yamekunjwa na kupangwa kwa ustadi mpaka yakapata umbo la turubai langu! Kwa kuchanganyikiwa nikamfunika mtoto kwa gunia moja, na hilo likawa kosa juu ya kosa, kwa sababu vumbi lake liliyeyuka likamwagika kifuani. Gauni la Goreti likapata doa la kahawia, pana kama sahani.

Kaimu alishuka. "Pole, mtani. Korosho zangu zilikuwa uani hazina cha kuanikia. Bibi harusi akilowa anakauka. Korosho ikilowa inashuka daraja."

Nilimkamata kola. Nilimwita mwizi mbele ya ndugu wote, na mengine ambayo siyarudii.

"Filbert!" Shangazi alisema, akitelemka na kitenge chake. "Umemkasirikia mtani. Jogoo."

"Shangazi, mtoto amelowa! Gauni la mama yake!"

"Naona, mwanangu. Macho ninayo." Alimfunga Albina kitenge begani, akifuta lile doa kwa mkono wake, na halikufutika. "Jogoo ni jogoo. Ila utani ni kwenda na kurudi."

Albina aliingia kanisani na kitenge juu ya gauni, akatembea kichwa juu. Mimi ndiye niliyelia kwenye benchi, na nililia kwa hasira. Usiku wa sherehe jogoo wangu mwekundu akakabidhiwa kwa Kaimu, na watu wakapiga makofi. Makofi!

Jumanne nilirudishia kebo ya mita, nikaendesha mpaka Nanganga. Zaidi ya kilomita mia zilijihesabu mbele ya macho yangu, zile zile alizonificha. Uani kwa Kaimu nikalikuta paa langu limetandazwa juani, limejaa korosho safi, kavu, zinalia zikiguswa. Jogoo wangu alikuwa amefungwa kamba mguuni kando yake. Huyo sikumgusa. Ni halali yake.

Nilishika pembe za turubai, nikaanza kuzikusanya katikati, korosho zikiwa humo humo.

Kaimu akatoka mbio, kanzu mkononi. "Wewe! Filbert! Hizo zinakwenda mnadani! Hizo ndizo za mwaka mzima!"

"Naona, mtani. Nampelekea bibi harusi. Anashona gauni jingine."

Mishipa ya shingo ilimsimama. Alinyanyua ngumi, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki hivyo, kwa sababu Shangazi Mwamina alikuwa amekaa kwenye kibaraza akipepeta mchele.

"Kaimu," alisema bila kuinua macho, "umekasirika?"

Kaimu alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akazitazama korosho zake. Kisha akacheka, kicheko kilichokohoa kama gari langu asubuhi ya baridi.

"Sijakasirika, mama."

"Vizuri," Shangazi akasema. "Basi msaidie mtani wako kupakia."