Bahasha ya Mia na Hamsini

Pisila alikuwa amemdanganya mshauri wa madeni. Alimwambia kadi ya mkopo ameshaikata, kumbe ilikuwa imelala nzima ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Mshauri huyo alikuwa amembembelezea benki, nayo ikasimamisha riba, kwa sharti moja: asikope tena hata senti. Akikopa, deni la dola elfu kumi na moja litaanza kuzaa upya.

Na leo ilikuwa Jumapili ya Misinale, siku ambayo Watonga wa visiwani waliohamia mtaa wa Mount Druitt hufunga mikeka yao mizuri kiunoni, na sadaka ya mwaka ya kila familia husomwa kanisani kwa sauti.

"Mke wetu!" Shangazi Lesieli, shangazi wa mumewe, alimdaka mlangoni. "Mwaka jana elfu tatu. Mwaka huu tusikie nne, wenye wivu wajinyonge!"

"Shangazi, acha makuu kanisani."

"Makuu gani? Mwenzio nimevaa viatu vya kuchezea!"

Pisila alicheka. Zile elfu tatu zilitoka kwenye kadi. Maka, mumewe, alidhani ni malipo ya saa za ziada kule Pisila alikokuwa akifua mashuka ya nyumba ya wazee. Siku ile watu walishangilia, Shangazi akacheza mpaka ua likamdondoka nyweleni. Pisila alikuwa amempa Mungu fedha za benki, sifa akabaki nazo yeye.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, alivuka barabara hadi kwenye mashine ya fedha, kitabu kifuani. Alisimama mbele yake.

"Bwana, bora niaibike leo," aliomba, "kuliko kukudanganya tena."

Akarudi, akaketi, akamnong'oneza Maka yote.

Maka hakugeuka. "Kumbe nilipigiwa makofi ya deni," alisema. Kisha akatoa kalamu, akaandika juu ya bahasha kile walichokuwa nacho kweli.

"Familia ya Maka na Pisila," mzee wa kanisa alisoma. Akaisogeza bahasha karibu na macho. "Dola mia moja na hamsini."

Mtu alikohoa. Shangazi, aliyekwisha kuinuka acheze, aliketi.

Baada ya ibada alimkuta Pisila jikoni mwa ukumbi, akikata nyama ya nguruwe kwa mkasi.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea." Pisila akamweleza, macho chini.

Shangazi alishika ukingo wa meza. "Elfu tatu zile zilikuwa za kadi?"

"Za kadi, Shangazi. Nisamehe."

"Kesho yake nilivuta elfu mbili kwenye yangu, nikampelekea mchungaji kuongezea sadaka yangu. Kwetu dada wa baba ndiye mkubwa wa ukoo; atoe kidogo kuliko mke aliyeolewa tu? Mpaka leo pensheni yangu inakwenda kulipa deni hilo."

Dhambi ambayo Pisila alidhani ni yake peke yake ilikuwa inakula nyumba ya pili. Alifungua kitabu cha nyimbo, akaikata kadi kwa mkasi ule ule wenye mafuta. Nyuma ya bahasha tupu akaandika namba ya simu ya mshauri wa madeni, akampa Shangazi.

"Huyo mshauri anajua Kitonga?"

"Hajui. Nitakusindikiza."

"Basi utanisemea," Shangazi alisema. "Ila usimwambie nilicheza."